Kobe Halalii Laiki Zako

Wadau, leo niko na neno na watu wa mchanga mweupe.

Mnajijua. Ile video ya "keja mpya ya kobe wangu": sanduku la kioo, taa za zambarau pembeni, mchanga mweupe kama wa Diani, vijiwe vya rangi, kimti cha plastiki, na katikati kobe mdogo amesimama kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa. Muziki laini nyuma. Laiki zinamiminika. Komenti ya kwanza: "Hata mimi nataka kuishi hapo!" Sawa bana, wewe unaweza kutaka. Wewe una viatu, una chupa ya maji, na ukichoka unafungua mlango unaenda zako. Huyo kobe hatoki. Anatembea hapo, anakula hapo, anakojoa hapo, analala hapo, kesho na kesho kutwa, pengine miaka kumi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kobe anayefugwa ndani ya nyumba, huko ndani ni matandiko. Si taa za zambarau, si kimti. Ni kile kitu kilicho chini ya tumbo lake saa 24. Na mimi nasema hivi, bila kupaka asali: wengi wanaoonyesha kobe mtandaoni wanachagua matandiko kwa ajili ya kamera na kwa ajili ya uvivu wa kusafisha. Kobe mwenyewe hayuko kwenye hesabu.

Najua komenti inayokuja. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, nani alikufanya daktari wa wanyama?" Hakuna. Nilichoacha ni chuo, karo ikiwa imegoma, sikuacha kusoma. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga video za maduka ya agroveti na watu wa vifaranga, na matandiko ni kitu nimeshika kwa mikono yangu, si kitu nimeona kwa fidi. Ukitaka kunipinga, karibu. Lakini pinga hoja, usipinge cheti.

Tuanze na swali ambalo hizo video hazigusi: huyo kobe ni wako kivipi?

Kama uko Kenya, kobe wa porini si mali yako kwa sababu ulimkuta akivuka barabara Kajiado ukamweka kwenye buti ya gari. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema kufuga mnyamapori kunahitaji kibali, na mwenye kukishughulikia ni KWS. Bila kibali una kesi. Na usiniambie "ni kobe tu". Mwaka 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi karibu 5,000 ndani ya vijineli, korti ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au mwaka mmoja ndani. Sisimizi, maze. Kama sisimizi amepata haki yake kortini, unadhani kobe atakosa?

Kwa hivyo kama umemwokota, matandiko yake mazuri kabisa ni nyasi za pale ulipomtoa. Piga simu KWS, wao ndio wanajua arudishwe wapi na vipi. Usinunue udongo, usinunue taa, usipige video ya kumpa jina.

Ninaowaandikia hasa ni wengine. Kuna wachache hapa nyumbani wenye kibali. Na kuna nyinyi wengi mlio London, Houston na Toronto, ambao mmenunua kobe aliyezaliwa kwenye ufugaji, karatasi zake ziko, na mnaniandikia inboksi kwa Kiswahili kwa sababu mnataka kumlea mnyama anayewakumbusha nyumbani. Huyo kobe wa madoa, ambaye kwao ni savana hii yetu kuanzia pembe ya Afrika hadi Afrika Kusini, leo anakaa kwenye sanduku sebuleni huku nje theluji inaanguka. Nyinyi ndio video za mchanga mweupe zinawapoteza. Mnaona Mkenya mwenzenu ameweka mchanga, mnasema, "Huyu anajua, ni mnyama wa kwao."

Hajui. Wacha tuchambue kitu kimoja kimoja.

Mchanga mtupu. Kobe anakula akiwa ameinama, mdomo chini. Kila jani lenye maji linashika mchanga, na mchanga unashuka nalo. Kidogo utapita. Kila siku, mwezi baada ya mwezi, unaweza kukusanyika na kuziba utumbo. Pia mchanga mkavu hauhifadhi unyevu na vumbi lake linasumbua macho. Dada mmoja anayenifuata kutoka Manchester aliniandikia kwamba kobe wa mwanawe alikuwa amefumba macho siku tatu, hataki kula. Alimpeleka kwa daktari wa wanyama, na jambo la kwanza aliloambiwa ni aondoe huo mchanga. Alikuwa ameuweka baada ya kuona video. Ya Mkenya. Mtoto ana miaka minane, na kwa siku tatu alikuwa analala sakafuni karibu na sanduku akisubiri kobe afungue macho. Alifungua. Lakini mimi naendelea kufikiria hizo siku tatu kila nikiona mchanga mweupe na muziki laini.

Vijiwe vya rangi. Hapa sina maneno mengi. Kobe akiona kitu chekundu kidogo anadhani ni ua au tunda. Atakimeza. Umemwekea sahani ya mawe.

Taili na kapeti la nyasi bandia. Hii ndiyo ya wavivu, na wanajitetea kwamba ni "usafi". Kwenye taili miguu inateleza, na kobe mchanga anayekua huku miguu ikitanuka kama mtu kwenye barafu hajengi viungo vizuri. Kapeti nalo kucha zinanasa, nyuzi zinang'oka na kuliwa, na mkojo unakaa chini yake ukinuka wakati wewe unaona kijani tu juu. Huo si usafi, ni uchafu uliofunikwa. Magazeti kidogo nayakubali, lakini kwa kobe mgonjwa anayehitaji kuangaliwa kinyesi chake kwa siku chache. Si makazi.

Sasa maranda ya mbao, na hapa ndipo watu wangu wa Kenya tunajiona wajuaji kwa sababu tumefuga kuku. "Si maranda ni matandiko? Si hata vifaranga vinalala hapo?" Kwanza, maranda ya fundi mbao hujui yamechanganyika na nini; mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ziko humo humo. Pili, mengi ni ya paini na saipresi. Hiyo harufu tamu unayoisikia ukipita karibu na karakana ni mafuta ya mti, na ndani ya sanduku lenye taa ya joto yanapanda hewani na kuwasha njia ya pumzi ya mnyama aliye sentimita chache juu yake. Mtarakwa ndio usiseme. Tunaupenda kwa nguzo za ua kwa sababu wadudu wanaukimbia. Mti ambao mchwa anaukimbia, wewe unamlaza kobe juu yake?

Na hapa kuna mtego ambao lazima niutaje kwa sababu umenasa watu wengi wanaoiga video za Marekani. Wamarekani wanasema sana kwamba vipande vya "cypress" ni matandiko mazuri ya kobe. Mtu wa Ruiru anasikia hivyo, anaenda kwa fundi, anajaza gunia la maranda ya saipresi. Jina moja, miti miwili. Ule wa Marekani wanaouzungumzia ni mti wa vinamasi vya kusini kwao, unaokatwa vipande vikubwa vinavyovumilia maji bila kuoza haraka. Saipresi yetu ya Limuru ilitoka upande wa Meksiko, ni mti mwingine, na unachopata kwa fundi ni vumbi na maganda membamba. Kuiga bila kuelewa ndio ugonjwa wa mtandao wetu, na mnyama ndiye anayekohoa.

Basi tuweke nini?

Udongo. Ndio, udongo. Ule ule mama alikukataza kuingia nao ndani ya nyumba.

Sababu ni hii. Matandiko yana kazi tatu: kumpa mguu mahali pa kushika, kumruhusu achimbe na kujificha, na kuhifadhi unyevu. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaidharau. Wanasema, "Kobe wa savana ni mnyama wa ukame, muache akauke." Lakini kobe mdogo porini hakai juani mchana kutwa. Anajibanza chini ya kichaka, ndani ya nyasi, mahali udongo una umande hata msimu wa kiangazi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Vienna, Austria, walichapisha utafiti kuhusu vifaranga vya kobe wa Sahel, wale wakubwa wenye miiba mapajani. Waligundua kwamba hewa kavu ilifanya magamba yaote vilima kuliko chakula chenye protini nyingi kilivyofanya. Yaani yale magamba yenye manundu kama Ngong Hills ambayo watu wanayaona "mapambo ya asili" mara nyingi ni alama ya kobe aliyelelewa kwenye ukavu. Ukishayaona, hayarudi nyuma. Ataishi nayo, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50.

Sasa mapishi yangu, na hakuna kitu cha ajabu hapa.

Tafuta udongo wa juu usio na mbolea, usio na samadi, usio na dawa. Ukienda kwa wale wauza miche wa barabarani, uliza waziwazi, kwa sababu wa kwao wa kupandia huwa umeshachanganywa na samadi. Ukiwa ughaibuni, soma mfuko: ukiona mbolea au yale mapunje meupe mepesi, rudisha kwenye rafu. Udongo mwekundu wa Nairobi peke yake haufai. Ukilowa unakuwa gundi, ukikauka unakuwa tofali. Ule mweusi wa Athi River ndio mbaya zaidi. Unahitaji kuchanganywa na kitu chepesi.

Kitu hicho ni makumbi ya nazi. Cheki hii: makumbi yale yale ambayo Kilifi na Kwale tunachoma kufukuza mbu, India na Sri Lanka wanayasaga, wanayabana kuwa matofali, wanayauza dunia nzima. Mnunuzi wa London analipa pauni zake kwa kitu ambacho shangazi yako Malindi anakisukuma kwa mguu akipita. Hapa kwetu utakipata kwa wauza vifaa vya kilimo kwa jina la kokopiti.

Loweka tofali kwenye ndoo ya maji vuguvugu. Litafura mara kadhaa, kwa hivyo usitumie karai dogo ukaja kunilaumu. Kisha lisuuze, mara mbili ikiwezekana, kwa sababu makumbi mengi huwa na chumvi. Kamua. Chukua konzi moja, ibane: ikishika umbo na kudondosha tone moja au mawili, imefika. Ikitiririka, kamua tena. Changanya sehemu mbili za udongo kwa moja ya makumbi. Udongo wenyewe uanike kwanza juani juu ya karatasi ya nailoni, uuchambue, utoe mawe makali, vioo na mizizi.

Kina: kwa kobe mdogo, sentimita 5 hadi 8. Kwa mkubwa, kisipungue kimo cha gamba lake, ili akitaka kujizika ajizike. Usimwekee kama sukari juu ya mandazi.

Unyevu uwe chini, juu pawe pakavu. Wengi wanakosea hapa kwa kunyunyiza juu kila asubuhi kama wanamwagilia sukuma wiki. Matokeo ni tumbo la kobe kulala kwenye ubichi na gamba la chini kuanza kuoza. Mwaga maji kidogo kwenye kona, yashuke yenyewe. Upande wa taa ubaki mkavu na wenye joto, upande wa pili uwe na unyevu na kivuli, yeye achague. Nunua kipima unyevu. Ni kitu kidogo na kinamaliza mabishano.

Kwenye kificho chake weka nyasi kavu. Boma Rhodes inayouzwa kwa ng'ombe inafaa kabisa. Lakini ikilowa, itoe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuvu haingoji wikendi.

Kinyesi kitolewe kila siku. Chakula awekewe juu ya bamba la jiwe, si juu ya udongo. Matandiko yote badilisha kila miezi miwili au mitatu, mapema zaidi yakianza kunuka. Na tafadhali, usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni; kobe hubeba salmonela hata akiwa mzima. Mtoto akimshika, anawe mikono kwa sabuni.

Na kama una kobe bapa, yule wa kwenye mawe ya Kitui na Samburu na upande wa Tanzania, ambaye gamba lake ni kama chapati na hujibanza kwenye nyufa, mawe yake yaweke kwanza kwenye sakafu ya kizimba, ndipo umwage udongo kuyazunguka. Ukiyapanga juu ya udongo atachimba chini yake na yatamwangukia. Lakini huyo hakikisha karatasi zake mara tatu. Tangu 2019 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, kumaanisha biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imefungwa. Wamekuwa wachache kwa sababu ya watu waliowapenda vibaya.

Mtasema gharama. Tangi la kioo, taa za zambarau na mchanga wa kuagiza ni bei gani? Udongo na tofali la makumbi havikaribii. Mtasema uchafu. Ndiyo, kuna uchafu. Ulichukua mnyama anayetambaa ardhini, ulitegemea nini? Mtasema, "Kobe ni mgumu, havunjiki." Huo ugumu ndio unamponza. Mbwa akiumia analia na jirani anasikia. Kobe anaumia kimya, anakufa polepole kwa miezi, na siku ya mwisho unaandika "amelala tu".

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo linanichoma. Wiki iliyofuata ile video iliyosambaa sana, kijana mmoja wa Kitui aliniandikia: "Bro, huku kwetu kobe wako wengi. Hao watu wa Nairobi wananunua pesa ngapi?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatafuta doo kama sisi wote. Nilimweleza kuhusu kibali, kuhusu sisimizi wa Naivasha, akasema asante. Lakini huyo ni mmoja aliyeuliza. Wale ambao hawakuuliza?

Ndiyo maana sikubali ule utetezi wa "kontenti ni kontenti". Video ya kobe bila neno moja kuhusu kibali ni tangazo la biashara, hata kama hukulipwa. Na video ya kobe juu ya mchanga mweupe ni somo baya, hata kama hukukusudia kufundisha. Mimi pia naishi kwa kamera, najua udongo hauna mvuto kwenye skrini. Kobe aliyejizika haonekani, utarekodi nusu saa ya udongo mtupu. Basi rekodi hiyo nusu saa. Kama mashabiki wako hawawezi kuvumilia kobe anayeishi kama kobe, tatizo si udongo.

Kwa hivyo nawapa mtihani mdogo, wenye vyeti na wasio na vyeti. Kabla ya kupost hiyo "keja mpya", ingiza mkono wako kwenye matandiko hadi kwenye kifundo. Ukigonga kioo kabla vidole havijazama, au ukitoa mkono mkavu wenye vumbi jeupe, zima kamera. Kisha weka kibali chako kwenye video, kionekane. Ukiwa na vyote viwili, nitakuwa wa kwanza kukushea.